Kwa Nini Sikuja Kumzika Mama

Mtaa wa Tena, Nairobi
9 Machi 2025

Mpendwa Mama Mdogo Asenath,

Mirembe, Mama. Natumaini u mzima, na lile goti halikuzuii tena kwenda kanisani. Mvua imeanza huko? Hapa ni vumbi tu.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako husomwa na kila mtu, na haya nataka uyasome peke yako.

Najua yanayosemwa nyumbani, kwamba mimi Muhonja nilipata kibarua Industrial Area nikamsahau mama yangu hata siku ya kumzika. Kaka Shiundu nilimwambia nimenyimwa ruhusa, naye hakuamini. Nilidanganya. Msimamizi alinipa siku nne.

Mama, mimi ni mgonjwa, mwaka wa tatu sasa. Utumbo wangu mpana una vidonda. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, hadi daktari mmoja akaniingiza kamera akaviona. Naharisha damu, siku mbaya hata mara kumi na tano, na haja ikija hainipi nafasi ya kupiga hatua ishirini. Dawa hutuliza wiki chache, kisha yote yanaanza upya. Si kulogwa, na ugonjwa huu hauambukizi.

Ile Alhamisi ya safari nilikuwa sijala tangu Jumanne. Jirani yangu Kathini alinisindikiza hadi stendi ya mabasi. Nilivaa nepi ya watu wazima, na juu yake gauni jeusi la mazishi. Nilipanda, nikakaa. Kabla hata injini haijawashwa tumbo likanikata. Nilisimama, lakini njia ilikuwa imejaa watu na mizigo. Nepi haikutosha.

Kondakta akauliza, "Nani amekanyaga nini?" Watu wakaanza kufungua madirisha.

Kathini alipanda akanifunga leso yake kiunoni. "Shuka tu, Muhonja. Utaenda kesho."

Kesho yake sikuweza kutoka chooni. Jumamosi saa nane, mlipokuwa mkimteremsha Mama kaburini, nilikuwa humo ndani, najaribu kuimba wimbo wa kwaya yake polepole. Choo ni cha wapangaji wote wa ploti. Mtu akagonga: "Bado hujamaliza?"

Wiki jana daktari aliniambia dawa zimeshindwa. Wanataka kuutoa utumbo wote mpana, haja iwe inatokea tumboni kwenye mfuko. Anasema watu huishi hivyo na kufanya kazi. Labda. Nimekubali, lakini si kwa matumaini. Nimechoka tu. Kiwandani nafasi yangu ameshapewa mwingine.

Usimwambie Shiundu. Hasira yake naiweza. Nisichoweza ni aniangalie huku akijua habari za lile basi. Wacha aamini nilikataa kuja. Wewe ujue tu, ili huko nyumbani kuwe na mtu mmoja anayejua kwamba nilipanda.

Nisalimie Baba Mdogo Opicho, na Roseline na wanawe. Mungu akupe nguvu za kulima msimu huu, na akuepushe na maumivu.

Mwanao asiyeacha kukupenda,
Muhonja