Minazi ya Baba na Ile Diski Yako

Likoni,
5 Juni 1999

Kwa ndugu yangu Mwanarehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi, wewe na watoto. Mimi ni mzima alhamdulillahi, goti tu lanisumbua, ila nazi bado naangua mwenyewe na hawa vijana hawanifikii. Nataraji nawe hujambo. Mimi nina hasira.

Nilikwambia mgao wa minazi ya baba uulete kwa karatasi. Ukasema la, diski ni bora, tukitaka kurekebisha jina turekebishe huku huku. Haya. Nikaipeleka kwa Jerioth, yule mpigachapa wa karibu na feri. Kompyuta yake ni ya zamani, na diski yako imetoka kwenye ile mpya ya ofisini kwenu. Ilipofunguka, wallahi, ilikuwa takataka. Vijisanduku vyeusi kila mahali, na lile jedwali la warithi na minazi ya kila mmoja limebomoka. Majina yamekaa juu, hesabu zimerundikana chini.

Jerioth akafuta vijisanduku kimoja kimoja, adhuhuri mpaka alasiri. Nikamgombeza, maana baraza kwa chifu lilikuwa kesho yake. Akauliza kama aliyetuma diski hakuandika maelezo. Nikamjibu ile karatasi iliyofungiwa diski ni salamu tu, nimeshaisoma. Akasema, “Mzee, majina ni matano na hesabu ni nne. Nani hana?” Nikamwambia azipange kuanzia juu, asinifundishe minazi ya babangu, naijua mmoja mmoja nikiwa nimefumba macho. Alipomaliza akanipa nisome. Nikaishika kitambo, nikasema sawa.

Barazani karani akatusoma sisi ndugu watano, mmoja baada ya mwingine. Mimi ishirini na miwili, sawa. Ngowa, ambaye minazi yake yote ilikufa akahamia Mwakirunge kuponda mawe, akasomewa minazi ya Mwanatabu. Mwanatabu akapewa ya Waridi. Waridi akapewa kumi na mmoja yako ya kisimani. Ulipofika wewe, kitinda mimba, karani akageuza karatasi nyuma na mbele, hakuona kitu. Ngowa akacheka, akasema, “Kumbe Nairobi hakuoti minazi.” Wazee wakatia sahihi. Nami nikatia, kwa sababu kusema ile karatasi ina makosa ni kusema sikuisoma.

Sikuisoma, Mwanarehema. Wala ile yako iliyofungiwa diski sikuisoma. Nimeisoma wiki iliyopita, siku nne, nimejifungia chumbani. Umeandika kwamba diski ina nakala mbili, na ya pili umeihifadhi kwa mtindo wa kompyuta za zamani, mpigachapa afungue hiyo. Mistari mitatu tu. Lakini siku ile kwa Jerioth kulikuwa na watu wamekaa wanangoja. Mimi, niliyekuwa mnyapara wa makuli bandarini miaka ishirini, nianze kuhangaika na herufi mbele yao?

Jerioth ameifungua ile ya pili. Imetoka safi, na usafi wake waniudhi. Kwa Ngowa umeandika hana, kwako kumi na mmoja. Jumatatu naipeleka kwa chifu, na nitasema mbele ya wazee wale wale kwamba nilitia sahihi kitu nisichokisoma. Ngowa acheke mpaka achoke. Baada ya hapo usiniulize tena habari hii, na siku nyingine andika herufi kubwa.

Minazi ya kisimani nimemwambia Waridi asiiguse. Wabusu watoto, waambie mjomba wao bado yuko.

Ni mimi kaka yako,
Boga Mwidani

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, tangu Jumatano.