Yaya, Bamefinya Mashini Mpaka Ikakubali

Yaya Kambale,

Ni mimi Kavira, dada yako mudogo. Nakuandikia na hasira, unisamehe, hata salamu ya muzuri sina.

Ile maternité mupya ya Kalunguta, nyumba ya bamama kuzalia, yenye ulikuwa unajengea kanisa, baliniachia mimi nifuate kazi yake tangu tulikuzika. Nikafungua Excel yako, ile yenye ulinifundisha ku meza ya Mama kule Butembo: kwa kila kazi unaandika siku kidogo, siku za kawaida, na siku mingi kama mambo inaharibika. Barabara ya Beni ikifungwa, simenti inabaki kule. Mvua. Uliweka mpaka kilio: mutu akikufa mu kijiji, hakuna fundi mwenye atashika mwiko. Comité ya kanisa ilicheka sana. Kisha ukakufa wewe, na chantier, kazi yote ya kujenga, ikanyamaza. Habacheki tena.

Bon. Mashini inajenga ile nyumba mara elfu mu hesabu yake, kila mara na bahati yake, kisha unahesabu ni mara ngapi ilimalizika mbele ya Noeli. Ikatoka tatu ku kumi. Tatu tu! Nikaelezea comité pole pole. Papa Shemasi, mwenye anaongoza comité, akasogea ku mashini, akafinya touche yenye inaijenga tena mara moja na bahati ingine. Ikatoka Februari. Akafinya tena: Januari. Yaya, alifinya, akafinya, benzake banaimba nyuma yake, mpaka ikatoka katikati ya Novemba. "Hapo! Hapana kugusa tena! Bwana amejibu." Bakaitoa ku karatasi palepale. Nililia mbele yabo, na balizania ni furaha.

Nikasema: lakini hiyo ni nyumba moja tu kati ya zile elfu! Banasema sina imani, eti kuandika mabaya ni kuyaita. Ungekuwa pale, ungepiga meza kama zamani: "Mvua haisomi Excel!" Mimi nilipiga, nikaumia mukono, basi.

Juu ya ile karatasi, bakaamua kubomoa maternité ya zamani, matofali yake itumike ku clôture, ule ukuta wa kuzunguka. Basi ku Noeli bamama batazalia wapi? Ku majani? Na mimi pia, Yaya. Haukujua. Niko na mimba, na ni wakati wa Noeli nitazaa. Mama analia kila saa, eti ungekuwa wa kwanza kumubeba.

Jana bakakuja na nyundo. Nikaingia mu ile maternité ya zamani, nikakaa ku kitanda cha kwanza. Bamama benye ilikuwa siku yabo ya kupimwa bakakaa ku bitanda bingine. Papa Shemasi akasimama ku mulango, akaniuliza kwa upole nitakaa mule mpaka lini. Nikamujibu: nikipata bahati, juma moja, kwa kawaida, mwezi, mambo ikiharibika, mpaka nizae. Kisha akaambia mafundi barudie kwabo.

Batarudi, nabajua. Mugongo inaniuma, na wewe pia nakukasirikia: juu ya nini uliniachia hawa batu? Nakulilia, Yaya, na nakukasirikia, byote pamoja.

Pumuzika. Nakuahidi hakuna tofali moja itatoka pale mbele ile mupya ipate mabati. Kesho asubui narudia ku kitanda. Nimeshafunga blanketi.

Mudogo wako,
Kavira