Mrija wa Mzee Otuoma

Jumatano, 5 Oktoba 1994

Nimelipata! Pipa la bia, la chuma kisichoshika kutu, na koki yake! Muuza vyuma chakavu wa Igoma anasema limetoka Kenya. Siku hizi kila kitu ruksa — hata mimi, fundi mafriji wa Mabatini, nitakuwa na bia ya bomba sebuleni! Jumapili baba yake Agutu, Mzee Otuoma, anakuja kutoka Shirati kunitazama. Agutu kasema wazi: mzee hatoi binti kwa mtu ambaye hajanywa naye. Basi tutakunywa! Atakunywa mpaka asahau njia ya Shirati.

Alhamisi, 6 Oktoba

Dada Justa kapika pombe ya mtama, kaichuja vizuri kwa kanga. Nimeijaza pipani, nikaongeza asali, nikafunga kabisa. Itajitengenezea gesi yenyewe. Justa anasema litalipuka na yeye hatakuwepo. Mwoga huyo!

Ijumaa, 7 Oktoba

Agutu kapita. Baba yake anauliza kama mrija utakuwepo. Kumbe mzee anajua mitambo! Mwambie upo, nikasema, tena mrefu — unatoka pipani, unazunguka kwenye ndoo ya barafu, unatokea mezani. Ndoo ya nini tena, kaniuliza. Nikamwambia atajionea. Jamani nampenda huyu msichana!

Jumamosi, 8 Oktoba

Barafu nimepata kwa wauza sangara. Inanuka samaki, lakini haigusi pombe. Nimejaribu koki — psssss! Povu tupu! Dalili ya bia kali hiyo. Nimecheza peke yangu jikoni.

Jumapili, 9 Oktoba

Mzee Otuoma yuko sebuleni. Mimi nimejificha jikoni na daftari langu.

Kafika na koti la kanisani. Shikamoo, marahaba. Nikafungua koki kwa madaha — povu! Glasi ya pili, povu! Nyingine ikaishia ukutani. Mzee akauliza kama kwetu Usukumani wageni wananyweshwa sabuni. Justa akaangua kicheko, msaliti mkubwa.

Halafu mzee: mrija wangu uko wapi? Nikanyoosha kidole kwenye mpira unaotoka pipani. Agutu akaziba uso kwa mikono. Ndipo akaninong'oneza — kwao chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wa mwanzi. Hicho ndicho mzee alichokuwa anaulizia! Mambo ya glasi kila mtu kivyake, kwao hayo si kunywa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mzee akautazama mpira. Akautazama tena. Akaishika koki, akaing'oa kwenye mpira — pwaaa! Uso, masharubu, koti la kanisani, vyote chapachapa! Basi kwaheri Agutu, nikasema moyoni.

Akalamba masharubu. Akaubana mpira kwa kidole, akautia mdomoni, akafumba macho. Anavuta mpaka sasa hivi! Nasikia anavyofyonza nikiwa huku.

Agutu kaingia, macho yamemtoka. Baba anasema kwao mtu hanywi peke yake. Anauliza mrija wa fundi uko wapi.

Wangu! Mrija wangu mimi!

Tii ya shaba, kile kiungo cha njia tatu, ninayo kwenye sanduku la vifaa. Nikiukata mpira katikati nikaiunga pale, tutakuwa na midomo miwili, pipa moja — Justa! Kisu kiko wapi?