Bodi Mama

Bweri, Musoma, 3 Machi 2025

Shikamoo Mama Mdogo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila situlii. Katibu wenu Mugeta kanipigia: tangu fundi wa Bunda abadilishe bodi iliyoungua, tangi la maziwa la kikundi chenu halipoi. Kompyuta inayoliendesha niliitengeneza mimi, na kazini wamenikatalia ruhusa! Kiini cha mfumo wake, kerneli, hakina macho. Kinaamini maelezo niliyokiandikia tu: bodi mtoto ni hii, bodi mama ni hii, waya wa kompresa unapita hapa. Zima umeme, fungua boksi, nisomee namba ya bodi mama. Leo leo, tafadhali.
Mwanao, Boke

Butiama, 4 Machi

Marahaba mwanangu. Mguu unauma, nimeuzoea. Maziwa ya jana tumemwaga, mwenzetu Nyangi kalia mbele za watu. Wanataka tangi ling'olewe, na wanakutaja wewe. Namba ni M-7. Fanya haraka.
Mamako Mdogo

Bweri, 5 Machi

Shikamoo. M-7? Bodi mama haijawahi kuwa na namba hiyo! Nimezunguka chumba, nimezunguka uwanja, chai imepoa. Umesoma mwenyewe kweli? Nikishindwa hili, nitakuja huko kwa uso gani?
Boke

Butiama, 6 Machi

Marahaba. Meseji yako haikuwa na "mwanao" mwishoni. Nimeona.

Nilisoma mwenyewe. Ulisema mama, nikasoma ile ndogo ya juu yenye akili zote. Mama si ndiye anajuaga kila kitu? Leo Hyasinta, aliyemshikia fundi taa, kanicheka: "Weye, hiyo ndiyo mtoto! Mama ni hilo bapa la chini, linambeba." Imeandikwa B-2.

Kumbe mama ni anayebeba. Dada Lilian alikuzaa, Mungu amrehemu, lakini mgongo ulikuwa huu wangu. Sikudai kitu. Nimewaza tu.
Mamako Mdogo

Bweri, 6 Machi, jioni

Shikamoo Mama.

Nisamehe kwa kufoka; hofu ilinisahaulisha kwamba M-7 ni namba ya bodi mtoto. Bodi ya zamani ilikuwa B-1. Kwenye B-2 waya wa kompresa umehamia pini nyingine. Maelezo ya bodi mtoto sijayagusa. Nimeandika upya maelezo ya bodi mama, maana yale ya kwanza yalikuwa yanamtaja mama ambaye hayupo tena. Nimeyatuma kwa laini ya simu iliyo ndani ya boksi. Zima, washa, sikiliza. Siwezi kukaa wala kula mpaka unijibu.
Mwanao, Boke

Butiama, 6 Machi, usiku

Marahaba. Linaunguruma. Kula sasa.
Mamako