Hodi kwa Seva ya Kinindo

Jumanne, 3 Machi

Tantine, shangazi yangu, amefungua duka. Mimi nyuma ya marobota ya vitenge, kompyuta yangu kuukuu magotini. Nimebisha hodi kwa seva ya Kinindo, imeitika. Amri moja tu ya Linux, na swali langu linatoka hapa Bwiza, linapita nyaya nisizoziona, linarudi kabla sijapepesa jicho. Naweza kukaa hivi asubuhi nzima nikitazama majibu yakishuka kwenye kioo. Tantine anadhani nasali.

Seva yenyewe ni kikasha cheusi katika maktaba ya watoto, mtaa wa Kinindo. Masomo yao yote yamo humo. Mwalimu Déo, anayetufundisha, anahamia Gitega mwisho wa mwezi, na kazi ya kuitunza ataachiwa mmoja wetu: mimi au Bella. Naitaka. Sijataka kitu hivi tangu tutoke kwetu Uvira.

Jumatano, 4 Machi

Mazoezi Kamenge, nyumbani kwa Mwalimu. Leo sheria za mlango wa seva: nani aingie, nani abaki nje. Ukizigusa ukiwa mbali, anasema, kwanza iagize seva irudishe sheria za zamani baada ya dakika tano. Ukikosea, mlango utajifungua wenyewe. Bella aliandika. Mimi nilikuwa natazama mvua ikishuka milimani, nawaza kama maswali yetu hulowa njiani.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejifungia nje. Niliandika sheria ya kuzuia kila mgeni, nikasahau kwamba kwa seva hata mimi ni mgeni. Sikuweka dakika tano. Nabisha, kimya. Nimekata tawi nililokalia. Mjinga mimi.

Ijumaa, 6 Machi

Mafuta hakuna, mabasi yamelala foleni. Nimekwenda Kinindo kwa miguu. Zamu, mlinzi wa maktaba, akakataa kunifungulia. "Bila neno la Mwalimu, apana." Ikabidi nimpigie Mwalimu. Akauliza imekuwaje. Nikajisikia nikisema: "Courant ilienda, Mwalimu. Seva ikazimika vibaya."

Mji huu nani atabisha kwamba umeme ulikatika? Umeme hubeba dhambi za kila mtu. Zamu akaambiwa anifungulie. Nikachomeka kibodi, nikafuta ile sheria, kazi ya dakika mbili. Watoto waliokuwa wakingoja tangu asubuhi wakanipigia makofi. Niliona haya.

Jumapili, 8 Machi

Bella ameniambia kanisani. Mwalimu amechomoa betri ya nyumbani kwake, ameipeleka maktaba ili seva isizimike tena. Umeme ukienda sasa, kwake ni giza, na mkewe ana mtoto mchanga. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda Kamenge kusema. Maneno niliyoyapanga yote yakapotea. Nikasema tu: courant haikuenda, ni mimi.

"Kujifungia nje, kila mutu anajifungia," Mwalimu akasema. "Lakini we ulinidanganya, Furaha."

Nikairudisha betri kutoka Kinindo, nusu ya njia kwa basi, nusu kichwani. Mkewe akanipa chai, hakuniuliza kitu. Chai hiyo imeniuma kuliko yale maneno.

Alhamisi, 12 Machi

Kazi amepewa Bella. Haki yake. Inaniuma hata hivyo. Leo sikubisha hodi.

Jumatano, 18 Machi

Mchana Bella amenipigia. "Furaha, nimegusa sheria, seva haiitike. Mwalimu asijue kwanza."

Nikamwuliza kama aliweka dakika tano. Aliweka. Basi tungoje, nikamwambia, na ikikataa tutampigia Mwalimu, tutasema kweli.

Tukakaa na simu masikioni, yeye kwao Kamenge, mimi kati ya vitenge. Nikafungua kompyuta, nikaanza kubisha. Kimya. Nikabisha tena. Katika simu nilisikia mvua ikianza kwake, kwangu bado. Nikawa naingoja mvua, nikasahau kuogopa. Tone la kwanza likagonga bati la duka, na kwenye kioo seva ikaitika.

Bella akacheka, akakata simu. Mimi nikaiacha iendelee kuitika, mpaka Tantine aliponiita nikamkatie mteja kitenge.