Hawakukupumzisha, Walikufukuza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huwezi kuitikia, lakini adabu haikuzikwa nawe. Hasira nayo haikuzikwa.

Jana walikuja nyumbani Mabatini, viongozi watatu wa klabu, wamevaa suti. Wanataka kuanzisha kombe na kuliita kwa jina lako. Mama akawaandalia chai. Mimi niliwaandalia swali, ila kwanza nikukumbushe wanachojifanya wamekisahau.

Klabu ile uliianzisha Igogo na wenzako wa kinu cha pamba, wakakuchagua mwenyekiti. Hamkuwa na basi. Mlivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, jezi na mipira ndani ya gunia, na mimi binti yako nimekalia gunia hilo. Baada ya mechi ulishika birika na beseni ukawanawisha wachezaji mmoja mmoja. Viongozi walinawa mwisho. Siku moja mjumbe wa kamati akatanguliza mkono kwenye ugali. Ukamwuliza, "Bwana mkubwa, leo umefunga goli gani?" Wachezaji walicheka hadi kipa akapaliwa. Hiyo ndiyo katiba ya klabu niliyoifahamu kabla sijajua kusoma.

Kisha likaja soko huria, likaja na neno "mfadhili". Mwenye kiwanda cha minofu ya samaki akaleta viatu, akaleta na basi. Sibishi, vijana walihitaji viatu. Lakini klabu aliifanyia kile kile anachomfanyia sangara: minofu ikaenda kwake, sisi tukaachiwa mapanki, kichwa na mifupa. Akataka klabu iitwe kwa jina la kiwanda chake. Ukakataa. Siku ya mkutano mkuu malori yakashusha wanachama tusiowajua hata kwa sura. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyo mwenyekiti tunayemtoa ndiye yupi?" Nilimsikia kwa masikio yangu.

Akasimama katibu, kijana uliyemlea mwenyewe, akasema kwa sauti ya msibani: "Mzee wetu amefanya makubwa. Sasa tunampumzisha."

Nawe ukasimama. "Anayepumzishwa ni aliyechoka au aliyekufa. Mimi ni yupi?"

Mikono ikanyooshwa kukuondoa, ukatoka kwa miguu yako.

Jana katibu huyo huyo alikalia kiti chako, anakoroga sukari. Nikamwuliza: siku ya kombe mtasema mbele ya watu kwamba mlimfukuza, na kwa nini?

"Dada, hayo ya zamani. Mwache mzee apumzike."

Neno lile lile, Baba! Hata haya ya kutafuta jingine hawana. Nikamgeukia Mama, kwa woga, maana tangu asubuhi alitamani kusikia jina lako likitangazwa uwanjani, na ni haki yake.

"Malizeni chai," akawaambia. "Jina la mume wangu linabaki humu ndani."

Walipotoka, alilia. Machozi hayo siwasamehe, na ndiyo maana barua hii naiandika wazi, isomwe hata ofisini kwao.

Kila anayekutaja mjini hapa anakuombea upumzike kwa amani. Mimi siombi. Kaa macho, Baba. Wasumbue.

Ni mimi binti yako,
wa juu ya gunia