Mshika Waya wa Gongoni

Ijumaa, 3 Februari 1984

Wewe unayesoma, kama si mimi, nakuomba kwa jina la Mungu: funga daftari hili. Ukishindwa kufunga, basi lisikutoke neno. Si kwa mke, si kwa rafiki, si kwa utani. Nina kazi na nina mama, na hapa nimeandika mambo ambayo hayafai kusikika ofisini.

Leo kama kawaida. Ofisi mpaka jioni: magunia ya chumvi yaliyoshonwa, malori yaliyoondoka. Nikarudi, nikaoga, nikaswali Maghrib, nikawasha redio. Mama alikwisha kaa mkekani, mtandio kichwani, kama anayengoja mgeni. Stesheni ya Ghuba ya Uarabuni niliipata bila taabu, wazi kama mtu azungumzaye chumba cha pili. Ukafika wakati wa salamu za wasikilizaji. Papo hapo jenereta ya jirani ikawashwa. Trrrrr mpaka mwisho. Sikupata hata jina moja.

Jirani ni Bwana Musyoka, karani mkuu, mkubwa wangu wa kazi. Amenunua televisheni. Ya kwanza hapa kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mama alikunja mkeka, akauegemeza ukutani. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 4 Februari

Sikulala vizuri. Hesabu za leo nimezirudia mara mbili kwa hofu ya kukosea.

Kaka yangu Shee alikwenda Ghuba kufanya kazi melini. Mwaka jana tukaletewa habari kwamba meli yao imeungua. Nani kapona, nani kafa, hakuna aliyejua. Halafu akarudi bwana mmoja wa Malindi, akasema kamwona Shee kwa macho yake, mzima, na kwamba Shee atatuma kadi ya salamu kwenye ile stesheni. Barua hajawahi kuandika. Kalamu humtoa jasho.

Mama hamwamini yule bwana. "Watu huniambia nitakalo kusikia," asema. Atakalolisema msomaji wa redio ndilo atakaloamini, kwa sababu yule hamjui wala hamwonei huruma. Tangu siku hiyo hali chakula cha kueleweka.

Kadi husomwa kwa zamu. Ijumaa gani, hatujui. Yaweza kuwa imekwisha somwa, chini ya ile ngurumo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumanne, 7 Februari

Nimemkumbuka Babu leo, katikati ya kazi, hata nikaacha kalamu.

Redio yake pale Malindi ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, ikitumia betri ya gari. Ilikuwa na jicho la kijani lililofumba na kufumbua kadiri sauti ilivyokaribia. Msomaji akisema "Assalaam alaykum," Babu alimjibu kwa sauti, na sote tulilazimika kujibu. Majirani walikuja na buli zao za kahawa. Walibishana na taarifa ya habari. Walicheka. Tulikuwa hatuoni kitu, na kila mtu alikuwa na picha yake.

Stesheni zikififia, mtu alipanda juu ya paa kuushika waya. Shee alibaki chini kwenye kitufe cha kutafutia stesheni akipiga kelele: "Kaza! Legeza! Egemea upande wa bahari! Hapo hapo, usipumue!" Aliyepanda ni mimi. Sikuthubutu kumkatalia. Akaniita Mshika Waya, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Utoto wangu wote nilisikia redio kwa kusimuliwa.

Sasa nina waya wa maana. Umetoka kwenye paa letu hadi kwenye mti wa mvinje, umekaa wenyewe. Na bado sisikii.

Ijumaa, 10 Februari

Vilevile. Jenereta, trrrrr, mkeka ukakunjwa.

Nilitoka nikaenda hadi dirishani kwa Bwana Musyoka. Nilikusudia kumwomba aizime kidogo tu. Watu walijaa mpaka uani, wote wameelekea upande mmoja. Hawasemi. Picha ni chenga tupu, kama pishi la mchele limemwagika, na ndani yake kivuli cha mtu anayekimbia. Watoto wa huku jioni walikuwa wakicheza kibemasa hadi mama zao wawafuate. Sasa wamekaa kama wanaosubiri dawa.

Mzee Charo, askari wa geti, aliniona. "Njoo Omari, ukae! Kuna mpira. Ama ni vita, hatujakata shauri."

Nikacheka. Nikamwamkia mkubwa wangu. Akaniuliza kama nina shida. Nikasema hapana.

Mwoga. Mwoga kabisa.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeitwa ofisini kwa Bwana Musyoka.

"Kijana, ile waya yako inakula picha yangu."

Nilidhani anatania. Hatanii. Watu wamemwambia kwamba picha zinakuja kutoka Mombasa kwa njia ya hewa, zinafika Gongoni, zinakuta waya wangu kwanza ndipo zikute mlingoti wa televisheni yake. Eti nimeuning'iniza njiani, nazinyonya. Kila mtu anasadiki. Hata mpishi wa kantini ananitazama kama mwizi wa kuku.

Mimi nimesoma fizikia hadi kidato cha nne. Najua waya hauli picha. Najua Mombasa ni mbali na mlingoti wake ni mfupi. Najua pia kwamba ni jenereta yake inayokula redio yangu. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, yamepangika.

Akaongeza, pole pole: "Na watu wanauliza unasikiliza nini na waya mrefu hivyo. Mimi sikuulizi. Lakini wao wanauliza."

Tangu zile vurugu za mapinduzi yaliyoshindwa mwaka juzi, swali la namna hiyo halihitaji kurudiwa. Nikasema, "Nitautoa, bwana."

Alhamisi, 16 Februari

Nimeutoa. Kwa haraka na kwa hofu, kwa kisu, badala ya kuufungua. Mapande mawili. Kipande kirefu nilikitupa nyuma ya nyumba. Mzee Charo amekiokota, amemfungia mbuzi wake. Mbuzi akafanya kazi yake, waya umekatika vipande vidogo visivyo na maana.

Jioni picha ya Bwana Musyoka ilikuwa chenga zile zile. Nilizisikia lawama zao kupitia ukutani. Sikupata furaha yoyote.

Mama alitoka nje, akautazama mvinje, akarudi. "Umemzika ndugu yako kwa kisu," alisema. Nina umri wa kuoa, na nilijifungia chumbani kama mtoto.

Ijumaa, 17 Februari

Niandike kabla sijasahau.

Baada ya Maghrib redio ilikuwa inakoroma tu. Mama akasimama, akavaa buibui, akatoka. Nilidhani anakwenda kwa jirani wa kike. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Musyoka. Nikamfuata hadi kizingitini nikakwama hapo.

Alipita katikati ya watu wote. Akatandika mkeka wake mbele ya televisheni, akaketi, akaifunika picha kwa mgongo wake. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Bi Mwanakombo, hebu tuondolee kichwa." Mama hakugeuka.

"Baba," alimwambia Bwana Musyoka, ingawa mama ndiye anayemzidi umri kwa miaka mingi, "mimi sina macho ya hii yako. Nina masikio. Mwanangu huenda amekufa huko Ghuba, huenda yu hai, na anayejua ni redio. Mashine yako yalia juu ya jina lake kila Ijumaa. Nikopeshe kimya. Kidogo tu."

Bwana Musyoka alinitafuta kwa macho, akanikuta mlangoni.

"Omari. Kwa nini hukuniambia?"

Akatoka mwenyewe akaizima jenereta. Giza. Kisha mtu akawasha kandili, na watu wote wakahamia kwetu, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu hapakuwa na jingine la kutazama.

Redio ilitoa sauti ya mchanga. Kipande cha waya kilichobaki hakifiki kwenye mvinje. Mzee Charo akasema, "Basi mtu na apande awe mti." Wakacheka. Halafu wakanitazama mimi.

Nikapanda. Mabati yalikuwa bado yana joto la mchana. Nikasimama na mkono juu, waya kidoleni. Aliyekamata kitufe ni Bwana Musyoka. Nilimsikia chini: "Sogea! Ngoja! Rudi! Hapo!" Na sauti ya kwanza kuliko zote, ya mama yangu, ikijibu, "Waalaykum salaam."

Baada ya hapo, kimya. Walikuwa wamejikusanya juu ya redio mpaka hakuna kilichopanda kwangu. Upepo tu. Mkono uliwaka moto. Sikuubadilisha, niliogopa kupoteza stesheni. Nilitukana ndani ya moyo: redio, mabati, Ghuba, Shee, mimi mwenyewe. Kila mtu pale chini anasikia isipokuwa mwenye redio.

Kisha kelele. Vigelegele, na viti kuanguka. Sikujua ni vya nini, nami sikuthubutu kushuka wala kuuliza, maana huenda msomaji hajamaliza.

Bwana Musyoka akatoka uani, akainua kandili kunitazama.

"Shuka sasa. Wamesoma. Ni Shee, anamsalimu mama yake, na yuko salama, amepata meli nyingine." Akaishusha kandili. "Halafu anamsalimu mtu mwingine, hatumjui. Anasema, na Mshika Waya. Anamwuliza kama mkono umeshachoka. Ni nani huyo?"

Nilikuwa ningali na waya mkononi.

Jumamosi, 18 Februari

Nimewauliza watu wanne. Kila mmoja ameniambia kivingine. Mmoja ameongeza kwamba Shee ameoa. Mama asema si kweli, angemwambia yeye kwanza.

Nimekasirika kutwa nzima, na sina wa kumkasirikia. Nimengoja Ijumaa zote zile na jina lake sikulisikia. Sikusikia hata neno. Nimesimuliwa, kama zamani.

Mama amekula wali wa nazi na samaki, akaomba tena.

Jumapili, 19 Februari

Siku tulivu. Televisheni imefunikwa kitambaa. Bwana Musyoka alikuja asubuhi na bunda la waya mpya. Tukaufunga pamoja, kutoka kwenye paa letu hadi kwenye mlingoti wake, kwa kuwa mvinje umeinama. Aliniuliza Babu alikuwa akisikiliza stesheni zipi. Nilimwambia. Kwao pia palikuwa na redio moja, dukani, na watu walikaa juu ya magunia ya maharagwe. Tulizungumza hadi jua likawa kali.

Kadi yangu ya salamu nitaituma kesho. Nimeyajaribu maneno hapa kwanza.

Kwa Shee, popote alipo Ghuba. Mama mzima. Mkono haujachoka. Ukipata ruhusa, njoo. Shuka Malindi, panda gari la kaskazini, waambie wakuteremshe penye milima ya chumvi. Getini utamkuta mzee mwenye mbuzi. Usimwulize jina langu, hapa nina majina mengi mabaya. Inua macho tu. Utaona waya unaokwenda kutoka paa hadi paa. Ufuate. Mlango haufungwi kabla ya salamu kwisha.